Mizani ya Sauti: Mikisa, Maiki na Historia ya Kusikilizana Ngara na Biharamulo

Historia ya redio na mikutano ya hadhara katika Afrika ya Mashariki imezoeleka kuandikwa kama historia ya maneno: nani alisema nini, lini, na kwa idhini ya nani. Ni nadra kumkuta mwandishi aliyejishughulisha na kile kifaa kinachokaa baina ya kinywa cha msemaji na sikio la msikilizaji. Kifaa hicho ni mikisa, ile meza yenye vifundo vya kuzungusha na vitelezi vya kupandisha na kushusha, ambayo fundi mitambo huikalia pembeni mwa jukwaa au nyuma ya kioo cha studio. Makala haya yanakusudia kuiingiza meza hiyo katika historia, na kwa kusudi hilo yamechagua wilaya mbili za mpakani, Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Hoja yake ni kwamba katika wilaya hizo, tangu mwaka 1994, suala la nani asikike, asikike kwa kiasi gani, na je, mwenyewe ajisikie anaposema, halikuwa suala la burudani peke yake. Lilihusu uhai wa watu.

Kabla ya meza

Wasomaji wa visiwani watakumbuka kwamba Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kutia nyimbo katika sahani za santuri, hapakuwa na meza ya kuchanganyia sauti kama tuijuavyo leo. Katika kurekodi kwa zama zile mizani ilipatikana kwa umbali. Mwimbaji alisogezwa karibu na maikrofoni, chombo chenye sauti kali kikarudishwa nyuma, na aliyekohoa aliharibu kazi ya wote. Kiwango cha kila mtu kiliamuliwa na mahali alipokaa.

Kanuni hiyo hiyo ilitawala huku bara, katika nchi za Maziwa Makuu. Warundi wana namna ya kuimba na inanga, zeze la kibao chenye nyuzi, ambapo mpigaji haimbi kwa sauti kamili bali hunong'ona. Mnong'ono hufuatana na nyuzi, na nyuzi huonekana kama ndizo zinazokopesha mnong'ono ule kidatu chake. Sanaa hiyo haikuumbwa kwa uwanja. Iliumbwa kwa wasikilizaji wachache waliokaa kitako karibu na mpigaji, usiku, penye utulivu. Kinyume chake kabisa ni ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2014, na ambazo zilikusudiwa zisikike kilima hadi kilima. Mnong'ono wa karibu huwa na nguvu ya desibeli 30 hivi, ilhali ngoma kubwa zikipigwa karibu hupita desibeli 100. Kwa kuwa kila desibeli 10 ni nguvu mara kumi, tofauti baina ya vitu hivyo viwili ni nguvu mara milioni kumi. Utamaduni mmoja ulibeba yote mawili bila ya mgongano, maana havikupigwa mahali pamoja wala kwa saa moja.

Mikisa ndiyo iliyodai kwamba vyote viweze kupita katika tundu moja. Asili yake imo katika simu na redio. Hata jina la ekwalaiza limetoka huko: waya mrefu wa simu hupoteza sauti nyembamba zaidi ya sauti nene, hivyo mafundi wa mwanzo wa karne ya 20 walitengeneza saketi ya kusawazisha hasara hiyo, ili kilichotoka upande wa pili kilingane na kilichoingia. Mwaka 1952 Mwingereza Peter Baxandall alichapisha saketi rahisi ya besi na trebo ambayo imeigwa katika redio na amplifaya zisizohesabika. Chombo kilichozaliwa ili kurudishia sauti haki yake kikawa pia chombo cha kuipamba na, pengine, kuipotoa.

Aprili 1994

Tarehe 28 Aprili 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walianza kumiminika katika daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera, na kuingia Ngara. Taarifa za UNHCR za siku hizo zilikadiria kuwa watu 250,000 walivuka katika muda wa saa 24 hivi. Wengi walipelekwa Benaco, mahali palipopata jina lake kutokana na kampuni ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake hapo. Kambi nyingine zilifuata, miongoni mwao Lumasi, Musuhura na Lukole, na barabara itokayo Lusahunga, wilayani Biharamulo, ikawa njia ya malori ya chakula na mablanketi. Tarehe 31 Machi 1995 Tanzania ilifunga mpaka wake na Burundi. Mwishoni mwa mwaka 1996 Wanyarwanda karibu nusu milioni walirejeshwa kwao, na Warundi wakabaki, hasa Lukole, hadi kambi hiyo ilipofungwa mwaka 2008.

Watu hao hawakuja na masikio matupu. Wengi walikuwa wametoka kusikiliza RTLM, kituo kilichoanza kutangaza Kigali Julai 1993 na kunyamaza Julai 1994, mauaji ya kimbari yalipokwisha kuteketeza watu wanaokadiriwa kufikia 800,000. Mtu asiyeijua RTLM hudhani ilikuwa redio ya makelele. La hasha. Ilipendwa kwa sababu ya mazungumzo yake ya kirafiki, mzaha wake, na muziki wake uliopangwa vizuri. Chuki ilipita humo ikiwa imepimwa kiwango, ikasikika laini kama soga ya jirani. Kwa hiyo tusijidanganye kwamba usafi wa sauti ni dalili ya usafi wa nia.

Sheria nayo ilikuja kukitazama kipaza sauti kwa jicho la makini. Tarehe 2 Desemba 2008 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilimhukumu mwanamuziki Simon Bikindi kifungo cha miaka 15. Nyimbo zake zilijadiliwa kwa urefu mahakamani, na mahakama ikaona kwamba baadhi yake zilichochea chuki, lakini haikuthibitika kwamba yeye ndiye aliyehusika na kupigwa kwake redioni mwaka 1994. Kilichomtia hatiani ni maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti juu ya gari, katika barabara ya kati ya Kivumu na Kayove, mwishoni mwa Juni 1994. Wimbo uliojaa hewani ulimpita, na tangazo la njiani likamfunga. Sijui kisa kingine kinachoonyesha waziwazi namna hii kwamba kupaza sauti ni tendo lenye mwenyewe, si hali ya hewa tu.

Ni katika mazingira hayo ambapo Shirika la Wajesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, JRS, lilianzisha Radio Kwizera huko Ngara mwaka 1995. Jina lake, kwa Kirundi na Kinyarwanda, lina maana ya kuamini na kuwa na matumaini. Ilikusudiwa kwa wakimbizi na kwa wenyeji wao pia, jambo ambalo katika Ngara lilikuwa jepesi kuliko kwingineko, kwani Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda. Mhangaza hahitaji mkalimani ili amfahamu Mrundi. Kambi zilipofungwa, redio hiyo haikufungwa nazo. Ilibaki ikiwatangazia wenyeji wa mkoa.

Kiwango

Fundi anayeanza kazi humtaka msemaji azungumze kama atakavyozungumza, kisha hufungua geini, kile kifundo cha juu kabisa kwenye kila mstari wa mikisa, hadi mshale wa kipimo ucheze karibu na sifuri bila ya kung'ang'ania pale penye rangi nyekundu. Huacha nafasi ya akiba juu yake, kwa sababu mwanadamu akishikwa na hasira au furaha hupaza kuliko alivyopaza alipojaribiwa. Baada ya hapo kitelezi cha chini ndicho cha kutumia kupandisha na kushusha, na geini haiguswi tena ila kwa dharura. Wahenga waliposema kwamba ngoma ivumayo haidumu hawakuwa na habari ya saketi, lakini wamelenga palepale: ishara ikizidi uwezo wa mtambo hukatwa vichwa vya mawimbi yake, na kinachotoka kwenye spika ni mkwaruzo. Hakuna kifundo kingine mbele ya safari kinachoweza kuurudisha uzima uliokwisha kukatwa mlangoni.

Kosa la pili ni la kuacha maiki nyingi wazi. Mkutanoni, penye mwenyekiti, mkalimani, mgeni rasmi na mzee wa mtaa, kila mmoja hutaka maiki yake iwe tayari. Kanuni ni kwamba kila idadi ya maiki zilizo wazi inapoongezeka maradufu, nafasi ya kupaza kabla ya mluzi hupungua kwa desibeli 3. Maiki nne zilizofunguliwa ilhali anayesema ni mmoja zinamwibia huyo mmoja desibeli 6. Mwenye nidhamu hufungua ya mwenye zamu na kushusha za wengine. Hapa uungwana wa baraza na kanuni ya mtambo ni kitu kimoja.

Wizi mwingine wa sauti ni umbali. Mahali pa wazi, palipokosa kuta za kurudisha mwangwi, umbali kutoka kwenye spika ukizidi maradufu sauti hupungua desibeli 6. Vilima vya Ngara ni mahali kama hapo. Mjumbe aliyeongeza sauti ili wa nyuma wasikie aliwaumiza wa mbele, na wa nyuma wakabaki walivyokuwa. Dawa ni kuongeza spika katikati ya umati, kwa sauti ya wastani, kuliko kuzidisha makelele ya spika mbili za jukwaani.

Ekwalaiza

Kiwango kinaamua kama mtu asikike. Ekwalaiza inaamua kama atafahamika. Sikio la kijana mzima hupokea sauti kuanzia hezi 20 hadi 20,000, lakini simu ya kawaida ilipitisha kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Irabu hukaa chini na huwa na nguvu nyingi. Konsonanti kama s na f hukaa juu, ni dhaifu, na ndizo zinazotofautisha maneno. Anayesema suka katika mtambo uliopoteza masafa ya juu anaweza kusikika amesema fuka. Katika wimbo wa mapenzi kosa hilo halina madhara. Katika orodha ya majina ya watu waliopotezana, herufi moja ndiyo tofauti ya mtu na mtu.

Lugha za pande hizi zina jambo la ziada ambalo Kiswahili hakina. Kirundi, Kinyarwanda na Kihangaza hutofautisha maneno kwa kidatu na kwa urefu wa irabu. Neno umuryango kwa maandishi ya kawaida ni mlango na pia ni ukoo. Mwenye lugha huyatenganisha kwa sikio. Mwaka 1994 BBC ilianzisha matangazo yaliyoitwa Gahuzamiryango, yaani yenye kuunganisha koo, kwa ajili ya familia zilizotawanyika. Jina hilo linabeba neno lile lile. Kwa bahati njema sikio la binadamu lina hekima yake: hata msingi wa sauti ukikatwa, kama simu inavyoukata, ubongo huweza kukijenga upya kidatu kutokana na sauti zilizopandana juu ya msingi huo. Ndiyo maana fundi anaweza kukata kila kilicho chini ya hezi 80 au 100, ili kuondoa kishindo cha upepo, mguno wa jenereta na mtikiso wa jukwaa, bila ya kuidhuru lahaja ya mtu yeyote.

Kinachoidhuru ni kinyume cha hayo, yaani tabia ya kuongeza. Katika kumbi za muziki imezoeleka kupandisha besi na trebo na kuzamisha katikati, vifundo vikapangika mithili ya bakuli. Dansi hupendeza hivyo. Lakini katikati ndimo yalimo maneno, na eneo la hezi 200 hadi 400 likizidi, konsonanti hufunikwa kama mbegu zilizofukiwa chini mno. Fundi mzoefu hukata kwanza penye kero, kidogo, na huongeza mwisho kama bado pana haja. Akikutana na inanga ya kunong'ona hupata mtihani mgumu kuliko wote: mnong'ono hauna msingi wala kidatu, ni pumzi tupu iliyotawanyika katika masafa ya juu, na akiupandisha hupandisha pia upepo na kelele za watu. Hana budi kuisogeza maiki karibu na midomo, ya pili karibu na nyuzi, na kukubali kwamba kazi iliyokuwa ya ukimya wa nyumba sasa imekuwa yake.

Monita

Kifundo cha tatu ndicho kisichoonekana na hadhira. Monita ni ile spika iliyomwelekea msemaji mwenyewe. Historia ya burudani hupenda kutaja onyesho la The Beatles katika uwanja wa Shea, New York, tarehe 15 Agosti 1965, ambapo wapenzi zaidi ya 55,000 walipiga mayowe hata wanamuziki wakashindwa kujisikia wenyewe. Lakini ujuzi wa jambo hili ni wa zamani zaidi. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu akizibwa na kelele hupaza sauti bila ya kukusudia, na kelele zikiondoka hurudi katika kawaida yake. Msemaji asiyejisikia hupiga kelele, na hajui kwamba anapiga kelele.

Tulipime hilo katika uwanja wa kambi. Anayesimama mbele ya maelfu ya watu waliokimbia vita, akaeleza habari ya mgao wa chakula au ya kurejea makwao, ana jambo la kawaida la kusema. Asipojisikia, jambo hilo hutoka kwa ukali. Msikilizaji hapokei maneno peke yake, hupokea na uso wa sauti, na tangazo la unga likisemwa kwa ghadhabu hugeuka kuwa amri. Kwa hiyo monita si anasa ya waimbaji. Ni kinga ya adabu ya msemaji.

Kuitumia kuna masharti. Njia ya monita katika mikisa hupaswa kuchukua sauti kabla haijafika kwenye kitelezi, ili fundi anapobadilisha kile wanachosikia watu, asibadilishe kile anachosikia msemaji. Monita huwekwa pale maiki isiposikia: maiki ya kawaida ya mkononi ni kiziwi mgongoni mwake, hivyo spika hukaa mbele ya msemaji na kuelekea kwake. Ikikosewa, sauti ya spika huingia tena katika maiki, hurudi kwenye spika, na mzunguko huo huzaa ule mluzi ambao wataalamu wameuita kwa jina la Mdenmarki Søren Larsen. Mluzi una masafa yake maalumu. Kazi ya ekwalaiza ya monita ni kuyatafuta masafa hayo na kuyashusha, si kumnyamazisha msemaji mzima kwa kosa la noti moja.

Redioni spika ya studio huzimika maiki inapofunguliwa, na mtangazaji hujisikia kwa hedifoni. Simu za mkononi zilipoenea katika miaka ya 2000 tatizo lilihamia kwa msikilizaji. Kila mtu wa Afrika ya Mashariki amekwisha kusikia ile amri ya watangazaji: punguza sauti ya redio yako! Sababu yake ni kwamba mpigaji akijisikia kwa kuchelewa, hata kwa sehemu ya tano ya sekunde, ulimi hukwama. Bernard Lee wa Marekani aliliandika jambo hilo mwaka 1950. Kwa ajili hiyo mikisa ya redio humrudishia mpigaji mchanganyiko wote wa kipindi isipokuwa sauti yake mwenyewe. Ni mpango wa hekima: uwasikie wote waliomo barazani, na maneno yako yasikurudie yakakuziba kinywa.

Mwenye kushika kitelezi

Hayo yote yalifanyika, na kwa miaka mingi yaliendelea kufanyika, katika wilaya zilizotegemea mitambo ya dizeli kwa umeme wake. Kila saa ya sauti ilikuwa na bei ya mafuta, na yaliyolazimika kusemwa yalipaswa kusemwa yakafahamika mara moja. Leo hali imebadilika. Katika maporomoko ya Rusumo, hatua chache kutoka kwenye daraja lile la mwaka 1994, kumejengwa mtambo wa megawati 80 unaogawanywa kwa usawa baina ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na njia yake ya upande wa Tanzania inakwenda Nyakanazi, wilayani Biharamulo. Maji yaliyobeba maiti yanazungusha mashine, na nchi tatu zinagawana kilichopatikana.

Umeme huo utawasha mikisa nyingi za makanisa, misikiti, kumbi za harusi na redio za mitaa, na nyingi zitakaliwa na vijana waliofundishwa na rafiki zao tu. Itafaa wafundishwe jinsi ya kusoma mshale wa kipimo, kukata kabla ya kuongeza, na kuielekeza monita. Itafaa zaidi waelezwe ni kwa nini katika nchi hiyo kazi hiyo ina uzito. Fundi haandiki hotuba na hana kura katika kikao. Lakini mzee wa Kihangaza anaposimama mwisho wa mkutano, na sauti yake ni ndogo, na watu wameanza kuinuka, ni mkono wa fundi peke yake unaoweza kushusha maiki ya mwenyekiti na kupandisha ya mzee.